Joka Likitema Moto, Mashine Inazima

6 Februari

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti la baba yako, ambalo hutabiri mvua kila siku na siku moja moja hupatia. Mama yako amebadilisha mapazia ya sebuleni, sasa wageni wanadhani wamekosea nyumba. Paka wangu amezaa ndani ya kapu la nguo safi. Nilimzalisha mwenyewe, maana mkunga hata akistaafu, mikono yake haipati barua ya kustaafu.

Wewe je, huko kambini? Unakula? Hiyo barabara mnayoipima imefika wapi? Najua simu hazishiki huko, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu kama enzi za usichana wangu. Dereva wa lori la mahitaji ameahidi kukupa mkononi.

Binti wa fundi saa anakusalimu. Au tuseme, alinikuta njiani akauliza kama nyumbani wote wazima, na wewe ni wa nyumbani.

Sasa lililonifanya nikae chini kuandika. Ile kompyuta yako uliyoiacha kwenye chumba changu cha mbele, ile kubwa kama kabati la dawa, yenye taa za rangi tumboni, inazimika. Haiagi mtu. Inafanya kazi vizuri, halafu pu! Giza. Nakuuliza kwa kuwa uliniambia niitunze. Usiniulize nani aliiwasha. Nilikuwa napangusa vumbi, kitambaa kikagusa kitufe. Vumbi la nyumba hii ni jingi, kwa hiyo kitambaa kimegusa mara kadhaa.

Nijibu upesi.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika na dole gumba la dereva juu ya bahasha, mafuta ya gari na yote, lakini imefika. Mimi mzima. Nakula, ingawa mpishi wetu ana imani moja tu, maharage, na anatuhubiria mchana na jioni. Barabara imekutana na mwamba ambao ramani haiujui. Mkuu wa kambi anailaumu ramani, na aliyeichora hayupo kujitetea. Mwambie Baba asipande ngazi na goti hilo. Hongera kwa paka.

Kuhusu kompyuta, tafadhali, pangusa kwa nje tu. Lile si kabati. Ndani yake mna kadi mbili za grafiki, ndizo zinazochora kila unachokiona kwenye skrini, na nimezifunga pamoja zisaidiane kazi. Watu wengi wana moja. Mimi nina mbili. Ni kama gari lenye injini mbili.

Ugonjwa wake ni joto, sina shaka. Kadi mbili zikikaa karibu karibu, ya juu inavuta pumzi ya moto ya mwenzake. Isogeze mashine mbali na ukuta, fungua dirisha, toa vumbi kwenye feni kwa brashi laini. Itapona.

Na fundi yeyote asiifungue. Yeyote yule.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umeandika habari za goti, za paka na za mwamba. Salamu za binti wa fundi saa umeziruka kama mtu mwenye viatu vipya anavyoruka dimbwi. Haya.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Mama yako anasema wanapendeza, baba yako anasema wanapiga kelele, na wote wawili wanasema kweli. Dereva wa lori nilimpa chai, na chai ikamfungua mdomo. Anasema wenzako kambini wamekwishakuja likizo, wengine mpaka wamerudi. Kumbe likizo zipo! Sisemi kitu. Nimeandika tu nilichosikia.

Kompyuta nimeisogeza. Dirisha liko wazi, nusu ya mbu wa mtaa wamehamia kwangu. Vumbi nimelitoa kwa brashi ya nywele za watoto wachanga, hakuna laini kuishinda. Nimeibandikia hata kipimajoto changu cha kazini ubavuni. Homa haina.

Bado inazimika. Tena nimegundua ina wakati wake. Ukitembea msituni, mle kwenye skrini, haina neno. Ukizungumza na yule mzee wa mnarani, ukinunua mishale sokoni, salama salimini. Lakini lile joka la vichwa vitatu likitoka pangoni na kutema moto, pu! Kila mara. Mtu umejipanga, ngao mkononi, wenzako wanakutegemea, joka limebakiza kichwa kimoja, halafu unajikuta unajitazama usoni kwenye kioo cheusi.

Kuna fundi mmoja hapa mtaani nimemweleza dalili hizi. Anasema kabla ya kulaumu joto angependa kujua draiva ni ya lini, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kadi zake. Unasemaje?

Shangazi yako


9 Aprili

Mwanangu,

Sijapata jibu. Wanasema lori limekwama kwenye matope. Sisi wazima.

Fundi ameweka draiva mpya. Mashine inazimika vilevile, ila sasa picha zinapendeza zaidi kabla ya kuzimika. Anasema hatua inayofuata ni kuifungua. Nimekuandikia ili usije ukasema hukuambiwa. Ukinyamaza, nitahesabu umekubali.

Shangazi


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, poleni na mbu, goti lipone, paka wakue, salamu kwa wote.

Sasa. Umejuaje kuna joka la vichwa vitatu?

Joka lile liko lango la mwisho kabisa la gemu. Mimi sijawahi kuliona kwa macho yangu. Nimecheza mwaka mzima na nikaishia kwenye daraja la barafu, nikaanguka, nikaanguka, mpaka nikaondoka kuja huku. Nani anacheza kwenye mashine yangu? Ni Baba? Kama ni Baba niambie tu, nitajikaza.

Na huyo fundi ni fundi gani? Draiva! Fundi akikosa la kusema husema draiva, kama daktari aliyeishiwa anavyokwambia unywe maji mengi. Asiifungue, Shangazi. Narudia, asiifungue. Zile kadi nilizifunga kwa mikono yangu, na ukizitenganisha mashine itakuwa kama za watu wengine.

Kuhusu likizo, mwamba ule ni mgumu sana.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya kukataza imefika kama daktari anayefika matangani. Mashine imekwishafunguliwa. Keti, uvute pumzi, nikusimulie.

Kwanza, si baba yako. Ni mimi.

Nilipostaafu walinipa hotuba na shada la maua. Hotuba iliisha, maua yakanyauka, na mimi nikabaki na mikono. Hujui mikono ilivyo mizito ikikosa kazi. Miaka yote hiyo, usiku na mchana, kulikuwa na mtu mahali fulani anayeingojea. Halafu asubuhi moja hakuna. Nikapangusa vumbi mpaka vumbi likaisha, ndipo nikapangusa kitufe. Hilo ndilo kosa langu lote, na silijutii.

Sasa kuna watu watatu, katika nchi nisizozijua, wanaoningojea kila alasiri. Jina langu humo ni Mkunga. Nadhani wanalidhania kuwa jina la shujaa wa kutisha. Mmoja wao akichomwa na moto huanza kupiga kelele ovyo, nami humwambia kwenye kipaza sauti, “Tulia. Pumua. Usisukume bado.” Na hutulia, masikini. Tangu nianze kuwaongoza hatujapoteza mtu kwenye daraja la barafu. Wewe ulikuwa unakimbia, ndiyo maana ukaanguka. Daraja lile linataka kungojewa, na mimi nimewangojea watu wabishi kuliko barafu.

Pili, fundi. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akafungua ubavu wa mashine, na kila skrubu aliyoitoa akaiweka kwa duara, ya juu juu, ya chini chini, ili irudi pale pale ilipotoka. Nikamwambia, “Wewe ungefaa wodini.” Akacheka kidogo, macho yasitoke kazini.

Akatoa kadi moja. Tukaenda kwa joka. Lilitutemea moto mpaka tukafa wote, lakini tulikufa kwa heshima, mashine ikiwaka. Akairudisha ile, akatoa ya pili. Tukafa tena, mashine inawaka. Akabadilisha nafasi zake, salama. Akaziweka zote mbili kama ulivyoziacha. Joka likafungua mdomo, giza.

Kwa hiyo mgonjwa hayupo. Ni mapacha wazima kabisa, ila ukiwalaza kitanda kimoja hakuna anayelala.

Hapo ndipo nikasema kitu nilichokuwa nakiona tangu mwanzo na hakuna aliyeniuliza. Nikasema skrini haigandi wala rangi hazichanganyiki. Inakufa mara moja kama mshumaa uliopulizwa, na baada ya hapo kitufe hakisikii mpaka nichomoe waya ukutani na kungoja. Fundi akaguna, “Mmh.” Nimesikia miguno mingi maishani, ule ulikuwa mguno wa mtu aliyekwishajua. Lakini hakutaka kusema. Akasema, “Mwenye mashine aulizwe kwanza.” Nikamwambia mwenye mashine yuko nyuma ya milima. Akasema, “Basi tutangoja.”

Kwa hiyo unaulizwa.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa barua yenye joka ndani. Wenzangu wameniuliza nacheka nini, nikasema habari za nyumbani. Sikuweza kuwaambia kwamba shangazi yangu amevuka daraja la barafu.

Dalili ulizozitaja ungeniambia mwanzo ningeacha kukusumbua na madirisha. Ni pawa saplai, lile boksi la chini linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Kadi zikitulia zinakula kidogo. Joka likitema moto, moshi na cheche na vivuli vyote vinatakiwa kuchorwa kwa wakati mmoja, kadi zote mbili zinafungua mdomo pamoja, boksi linazidiwa, na linajizima lenyewe lisije likaungua. Ndiyo maana halisikii mpaka lichomolewe. Nilibadilisha kila kitu kwenye mashine ile isipokuwa boksi hilo, kwa sababu halina taa na hakuna anayelisifia.

Mwambie fundi nadhani najua alichokigunia, na yuko sahihi. Atoe kadi moja. Gemu lenyewe, nikiwaza vizuri, sidhani kama liliwahi kuitumia ya pili sawasawa. Sikutarajia kuandika sentensi hizo katika maisha yangu.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeikunja karatasi, nikaikunjua.

Shangazi, skrubu. Mafundi wote wa kompyuta ninaowajua huzitupa kwenye kifuniko cha chupa, mwishoni moja inabaki na hakuna anayejua ni ya wapi. Kuzipanga kwa duara juu ya kitambaa cheupe, namjua mtu mmoja tu aliyelelewa hivyo, kwenye meza ya baba yake, katikati ya saa za watu.

Ni yeye?

Kama ni yeye, kilichotokea kati yetu sitakiandika. Wewe mwambie tu kwamba nasikitika. Wewe unajua kusema na watu. Mimi nikishika kalamu maneno yanatoka kama vipimo vya barabara.

Mwanao


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ni yeye.

Usiseme nimekudanganya. Uliniuliza fundi gani, nikakujibu kwa matendo yake. Hukuuliza mtoto wa nani. Na wewe usidhani umeficha kitu kwa kutokiandika, kwa sababu siku ile dirisha langu lilikuwa wazi na mtaa mzima una masikio. Alishika bisibisi akusaidie kuifunga kompyuta, ukamwambia mbele ya rafiki zako, “Acha, hii si saa ya ukutani.” Wakacheka. Akaiweka bisibisi mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe, akaenda zake. Wewe ukafunga mkoba ukaenda kupima barabara, na ukaupenda mwamba.

Mimi sikumtafuta kwa ajili yako. Nilimtafuta kwa ajili ya joka. Nilikwenda dukani kwao kuuliza kama wanamjua mtu wa kompyuta, na baba yake akanyoosha kidole nyuma ya duka. Kumbe ameisoma kompyuta hadi utumbo. Mafundi wa mitaa mingine wanamletea zilizowashinda. Nikamuuliza kilichomwingiza humo.

“Shangazi,” akasema, “nilitaka tu kujua kama kweli si saa.”

“Ukaonaje?”

“Ni saa. Ila hii ina haraka.”

Na pawa saplai aliijua tangu nilipotaja waya wa ukutani. Nilipomsomea maneno yako, alisikiliza hadi pale uliposema yuko sahihi, akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema masikio yake siku hizi hayasikii vizuri, nikarudia tena.

Kadi moja ameitoa. Ni yako, usianze kulia. Ameiazima, ameifunga kwenye mashine aliyoiunda dukani kwa vipuri, ili tucheze wawili, kila mtu kwake. Na Jumamosi tumelimaliza joka. Yeye alikuwa ubavu wa kushoto, mimi wa kulia, wale watatu wa nchi za mbali wakilitupia mishale usoni. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni kwangu akisema haya ni mambo ya watoto, mtu mzima hafanyi hivi, angalia nyuma yako, angalia nyuma yako wewe mwanamke! Kichwa cha tatu kilipodondoka, goti lilisahau kuuma na akaruka juu. Mapacha wako wanafanya kazi vizuri sana, alimradi kila mmoja ana nyumba yake.

Ama ombi lako la kumwambia unasikitika, nimelikataa. Mimi ni mkunga, si posta. Naweza kukaa na mtu, nikamshika mkono, nikamwambia apumue, lakini sijawahi kuzaa kwa niaba ya mtu na sitaanza leo. Anwani ya duka unaijua. Andika mwenyewe, kwa mkono wako, hata yakitoka kama vipimo vya barabara. Na usianze na pawa saplai.

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Nilianza na pawa saplai. Nikaichana. Nikaanza na hali ya hewa, nikaichana. Mpishi akauliza kama namwandalia karatasi za kuwashia jiko. Mwisho niliandika ukurasa mmoja, nikampa dereva kabla sijausoma tena, na lori lilipoondoka nililikimbilia mpaka kwenye kona nikitaka kuurudisha. Halikusimama.

Jibu limekuja. Ni kurasa nne. Hutaambiwa kitu.

Mkuu wa kambi amenisainia likizo. Ameniuliza mbona mwamba umekuwa laini ghafla hivyo. Nakuja na lori la Alhamisi ya pili ya Agosti.

Mwanao


28 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hujaniambia, na yeye hajaniambia. Sawa, mimi si mtu wa kuchungulia.

Ila jana alikuja kubadilisha feni, akaifunga kinyume. Akaiangalia, akacheka peke yake, akaifungua, akaifunga kinyume tena. Mtu ambaye mikono yake haijui kukosea! Nimekaa na wenye siri miaka na miaka, siri zao zikiwa wazi mbele yao kama tumbo, na sikuwahi kumharakisha hata mmoja. Nikamtilia chai.

Mama yako amekufulia mashuka. Baba yako ameomba umfundishe kutupa mishale, lakini anataka ionekane kama wazo lako.

Neno moja la mwisho, na hili usilibishie. Lori linapita mbele ya duka la saa kabla halijafika kwetu. Najua utamwomba dereva akushushe hapo. Nimekwishamwambia asisimame. Njoo kwanza nyumbani uoge, ubadilishe shati, uchane nywele. Maji utayakuta ya moto. Ukitoka bafuni, nenda.

Shangazi yako